Nyapara wa Vibao na Uga wa Mama Mkwe

Ashukuriwe Mungu aliyeumba milima kabla ya barabara na mito kabla ya madaraja, akatupa macho ya kuvitazama bila kwanza kuomba ruhusa ofisini. Kwa pumzi aliyonibakizia nataka kueleza habari za mtu mmoja niliyeishi naye jirani kule Matulo miaka mingi, kuanzia kabla ya vita vya pili hata baada yake. Sitamtaja jina. Kila mtu alimwita Nyapara wa Vibao, hata mke wake, hata mchungaji alipomwombea mbele ya kanisa.

Kazi yake ilikuwa kusimamisha vibao vya kuwaonyesha wenye magari mahali pa kutazamwa. Wazungu wa mashamba ya Kitale na wageni wao walipenda kutembea kwa gari Jumamosi, na ofisi ya barabara ya Kitale ilikuwa na kanuni juu ya kila kitu walichoruhusiwa kuelekezwa. Kanuni zile zilikuwa kwa Kiingereza. Karani alimsomea kwa Kiswahili mara moja tu, naye akazishika kichwani kama sisi tulivyoshika katekisimu. Ukimwuliza habari ya asubuhi angekujibu vizuri, lakini ukimwuliza habari ya kibao angesimama wima kwanza.

Kanuni ya kwanza ilisema kibao ni cha kitu kisichoonekana kutoka barabarani, kwa maana kinachoonekana hakihitaji kuelekezwa. Hiyo ilimtesa sana kwa sababu ya Mlima Elgon. Wazungu waliomba mlima uwekewe kibao, na ofisi ikakubali siku ya ukungu. Kesho yake mbingu ikatakata, na mlima ukaonekana wote, mpaka mabonde yake. Nyapara akaona kibao chake kimevunja kanuni. Basi akatafuta gunia. Kila alfajiri alipokuwa na zamu ya upande ule alitazama juu: mlima ukiwa wazi, alikivisha kibao gunia, ukungu ukishuka, alikivua. Siku za mawingu ya kupitapita alikaa pale pale chini ya nguzo, akivisha na kuvua, na wenye magari wakampungia mkono wakidhani anakausha gunia.

Kanuni nyingine ilitaka kila mahali penye kibao pawe na choo. Kwa hiyo kwenye mapango ya mlimani, ambako ndovu huingia kulamba chumvi, alisimamia kuchimbwa kwa choo kizuri chenye paa la nyasi. Ndovu wakakiangusha. Akakijenga tena, na wakakiangusha tena. Ofisi ikamwuliza kama choo kimetengwa kwa ajili ya wageni, kama kanuni inavyotaka. Akarudi mlimani na ubao mdogo ulioandikwa kwamba choo ni cha wageni tu, akaupigilia kwa urefu wa jicho la ndovu. Nilimwuliza kama ulisaidia. Akasema kwa uzito kwamba ndovu walikiangusha choo mara nyingine, lakini ubao hawakuugusa, na hilo ni jambo.

Alikuwa mtu wa haki katika mambo haya, wala hakuwa na upendeleo. Mzee mmoja Mwislamu wa mjini Bungoma, aliyekuwa na hoteli ya chai karibu na msikiti, alimwomba kibao kwa miaka. Nyapara alikunywa chai pale kila alipopita, na kila mara alikataa ombi. Kanuni, alimwambia, inasema kivutio ni kitu ambacho mgeni hukitazama na kukiacha kilivyo.

"Sasa chai ukiiacha ilivyo, si itapoa?" yule mzee akamwuliza.

"Ndiyo maana si kivutio, bana."

"Na wewe umekuja hapa leo ukivutwa na nini?"

Nyapara akamaliza kikombe chake, akaomba kingine, na kibao hakikuwekwa.

Hata mimi nilikataliwa. Wakati huo nilikuwa mwalimu wa kanisa letu la Matulo, na niliona ingefaa wasafiri wajue kwamba kuna nyumba ya Mungu. Alinisikiliza kwa heshima, akanivulia kofia. Kisha akaniuliza kama kanisa linaonekana kutoka barabarani. Linaonekana. Akauliza kama milango iko wazi siku zote. Nikasema Jumapili, na Jumatano kwa kina mama. Akatikisa kichwa kwa huzuni ya kweli na kusema, "Mwalimu, mngekuwa mmejificha kidogo ningewasaidia."

Jambo la ajabu ni kwamba yeye mwenyewe, ukiacha ule mlima wa gunia, hakuwahi kutazama chochote alichowaelekeza wengine. Choo cha mapangoni alikijenga akiwa ameyapa mapango kisogo. Nilipomwuliza sababu, alisema kazi yake inaishia kwenye nguzo, na mtu akianza kuingia kila mahali anapoonyesha, nani atabaki kuonyesha? Akifika kwenye kibao chake chochote alikipangusa vumbi kwa mkono wa koti, akakipigapiga mara mbili kama mtu anavyompigapiga ng'ombe mtulivu, kisha akaendelea na safari.

Sasa nieleze habari zake za upande wa nyumbani, maana huko ndiko yalikotokea makubwa.

Sisi Wabukusu tuna adabu ya mkwe. Mwanamume na mama wa mke wake hawatazamani usoni. Hawapeani mkono, hawali pamoja, na wakikutana njiani mmoja huingia vichakani mpaka mwenzake apite. Si chuki. Ni heshima, na nzito kuliko heshima nyingine zote. Yako mambo ambayo wazee wanaweza kufanya ili kuilegeza watu wakisha kuzeeka, lakini wako wasiotaka kulegezewa, na Nyapara alikuwa mmoja wao. Alimpenda mama mkwe wake kwa namna hiyo ya kumkimbia. Kila mavuno alimpelekea kitu kupitia kwa mke wake, na siku ya soko la Misikhu alitanguliza mtu aangalie kama mama yule yupo ndipo yeye aingie.

Sasa, ofisi ya Kitale ikaamua kwamba maporomoko ya mto Nzoia yawekewe kibao. Yalitimiza kila kanuni: hayaonekani kutoka barabarani, yako wazi siku zote, na ukiyatazama unayaacha yalivyo. Lakini njia ya kufika huko ilipita kati ya majabali mawili, na kati ya majabali mawili ndiko lilikokuwa boma la mama mkwe wa Nyapara. Njia ilikatiza uga wake katikati, baina ya mlango wa nyumba na ghala la wimbi, yaani ulezi. Na kanuni ilimtaka nyapara aitembee njia nzima kwa miguu yake kabla ya kuchora mshale.

Hakuitembea. Akachora mshale ukielekea upande mwingine, kwenye njia ndefu iliyozunguka kando ya kijito na kuishia kwenye kinu cha maji cha kusagia mahindi. Pale palikuwa na kizuizi kidogo cha mawe na maji yalianguka kama kutoka mezani hadi sakafuni.

Wageni wakaanza kuja. Walitembea mwendo mrefu kwenye matope, wakafika wamechoka, wakaona maji yanaanguka, wakafurahi. Mtu akitoka jasho namna ile hakubali kwamba ameona kitu kidogo. Walimpiga picha msaga unga, mweupe kutoka nywele hadi nyusi, na kina mama waliokuwa wakingoja unga wao walicheka mpaka wakakaa chini. Msaga unga akawa haogi tena Jumamosi kabla ya saa kumi, ili asiwavunje wageni moyo.

Ingedumu hivyo, lakini akaja bibi mmoja wa Kizungu aliyeyaona maporomoko kabla ya vita. Alirudi Kitale akiwa na habari ya kutisha kwamba mto Nzoia umepungua. Ofisi ikashtuka. Ikatuma mtaalamu wa maji, ambaye naye alifuata kibao kama mtu mwaminifu, akapima kijito cha kinu na kuandika kwamba hali ni mbaya kuliko ilivyodhaniwa. Hapo Bwana wa Barabara akaja mwenyewe kutoka Kitale. Alikuwa mtu mrefu mwenye subira, na Kiswahili chake kilieleweka. Akasimama chini ya kibao, akasikiliza ngurumo ya maji iliyotoka upande wa kushoto, akatazama mshale ulioelekea kulia, akamwuliza Nyapara kama ana maelezo.

Nyapara akamweleza yote, adabu ya mkwe tangu mwanzo. Bwana akasema anaiheshimu mila ya watu, lakini kwenye kanuni neno mama mkwe halimo. Kesho asubuhi Nyapara amtembeze njia iliyonyooka hadi kwenye maji, au arudishe brashi na koti la serikali.

Jioni ile alikuja kwangu. Uso ulikuwa umeanguka. Kazi alikuwa anaihitaji, watoto walikuwa shuleni. Lakini niliona kwamba hilo silo lililomtoa machozi. Akikatiza uga ule, mama wa watu angeaibishwa mlangoni pake na mkwe wake mwenyewe, na aibu ile isingefutika. Akaniuliza Maandiko yanasemaje juu ya mama mkwe. Nikamkumbusha habari ya mtume mmoja, kwamba mama mkwe wake aliugua homa, na Mwokozi akaingia nyumbani akamponya, na yule mama akainuka akawahudumia wote.

"Mwalimu, mtume huyo hakuwa Mbukusu," akasema.

Wazee walikuwa tayari wamemtuma mtu kwa mama mwenyewe kumwuliza kama angekubali adabu ilegezwe, kwa ajili ya kazi ya kijana. Jibu lilirudi limenyooka. Akasema: "Nikifunguliwa adabu hii leo kwa sababu ya motokaa, kesho nitafunguliwa kwa sababu ya baiskeli. Apite. Lakini asinione, na mimi nisimwone. Atafute namna yake, na mimi nitatafuta yangu."

Asubuhi Nyapara aliniomba niende nao, niwe shahidi kwamba hakuona kitu. Tukafika kwenye ukingo wa boma. Hapo akakichukua kibao kipya alichokuwa amekileta cha maporomoko, kipana kama mlango, akakisimamisha mbele ya uso wake kwa mikono miwili, akaanza kutembea. Tuliona miguu yake tu chini, na kofia yake juu. Bwana wa Barabara alinitazama. Mimi nikatazama mawinguni.

Upande wa pili mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni pake, amejivika shuka safi, na ameshika ungo mbele ya uso. Nyapara akaja polepole, ubao mbele. Akakanyaga wimbi lililoanikwa. Akagonga mbuzi. Akaenda moja kwa moja kuelekea shimo la takataka, nami nikataka kumwita, lakini mama akanitangulia. Hakusema naye, maana hairuhusiwi. Alisema na kuku.

"Enyi kuku, mwambieni mwenye ubao kuna shimo mbele yake. Ashike kushoto."

Miguu ikasimama. Ikageuka kushoto.

"Kuku," sauti ikatoka nyuma ya ubao, "mwambieni mwenye boma nimeshukuru. Na wimbi lake nitalilipa."

"Kuku, mwambieni wimbi si kitu. Atazame mbuzi."

Ubao ukapita mbele ya ungo, karibu kama mtu na mtu kwenye mlango wa kanisa. Bwana wa Barabara, Mungu ambariki, akavua kofia yake akasimama wima mpaka wote wawili walipopitana. Tukashuka hadi majini, nayo yalikuwa makubwa kama zamani, yakinguruma. Bwana akayatazama kidogo tu. Alikuwa akigeuka nyuma kutazama boma.

Tulidhani yameisha. Kumbe Bwana alikuwa ameona kitu, akakielewa kwa namna yake. Baada ya majuma machache likaja agizo kutoka Kitale: kibao cha maporomoko kiongezewe maneno chini yake, kwamba kila Jumamosi alasiri kuna pia Maamkizi ya Kienyeji. Na kanuni ilisema wazi kwamba kilichoandikwa kwenye kibao lazima kiwepo saa zilizoandikwa. Kwa hiyo mtu ambaye maisha yake yote aliishi kwa kumkimbia mama mkwe wake aliamriwa na serikali kwenda kumkimbia kila Jumamosi, saa tisa kamili, mbele ya watu.

Alikuwa tayari kuacha kazi. Lakini mama mkwe, alipopelekewa habari, hakukasirika kama tulivyotazamia. Alitoa masharti. Wageni wamwamkie kwanza kabla ya kutazama chochote, wasikanyage wimbi, na wasimpe peremende kama mtoto. Kisha akaagiza ungo mpya.

Basi ikawa hivyo, mvua au jua. Wageni walipanga mstari kando ya ghala. Nyapara alitokea kwenye majabali na ubao wake, mama alitokea mlangoni na ungo wake, na kuku waliokuwepo wakapelekewa habari. Mwanzoni ilikuwa shimo na mbuzi tu. Baadaye, kwa kuwa wageni hawakujua neno la Kibukusu, wakaanza kusema mambo yao. Kupitia kwa kuku walikubaliana jina la mtoto aliyezaliwa. Kupitia kwa kuku mama alimwambia mkwe wake kwamba binti yake akinyamaza siku mbili si ugonjwa, ni kwamba anataka aulizwe. Nyapara alienda nyumbani akauliza, na nyumba ikapata amani. Wakwe wengi kwetu huzikana bila kupeana maneno kumi. Hawa wawili waliongea kila juma, na walikuwa mbele ya watu waliotoka ng'ambo ya bahari.

Lakini watu wana midomo. Kwenye soko la Misikhu walisema kwamba Nyapara anamwonyesha mama mkwe wake kama ndovu wa pangoni. Wengine walimcheka usoni, wakajificha nyuma ya vikapu alipopita, wakizungumza na kuku wa kuuza. Yeye alipita na njia yake. Ila nilijua lilimwingia, kwa sababu aliniuliza zaidi ya mara moja kama nadhani amemkosea yule mama. Nilimwambia amwulize mwenyewe. Jumamosi moja akathubutu. Nilikuwepo. Akasimamisha ubao katikati ya uga na kusema, "Kuku, mwulizeni mwenye boma kama mwenye ubao anamwaibisha."

Wageni wakaacha kunong'ona. Kisha sauti ikatoka nyuma ya ungo: "Kuku, mwambieni achunge mguu wake. Amesimama juu ya kifaranga."

Hakujibiwa zaidi ya hapo, na hakuuliza tena.

Mama yule alilala katika Bwana wakati wa mvua ndefu. Siku ya maziko Nyapara alikaa nje ya uzio, mgongo umeelekea boma, kama adabu inavyotaka, na mvua ikamnyeshea mpaka mwisho wa nyimbo. Ofisi iliuliza kwa upole Maamkizi yataanza tena lini. Alikwenda mwenyewe na brashi, akayafuta maneno yale kwa rangi nyeupe, akarudisha koti.

Miaka ikapita. Alihamia kwa mwanawe Kanduyi, na mimi nikapewa kazi ya kanisa upande mwingine, tukapoteana. Mara ya mwisho nilipomwona nilikuwa nimekwenda Bungoma kwa mkutano wa wazee wa kanisa. Nilipita Kanduyi, hapo karibu, nikamkuta ameketi kwenye kiti cha kamba kando ya nyumba, macho bado mazuri, magoti yamekataa. Tukasali, tukanywa uji. Kisha akamwita mjukuu wake amletee kitambaa kilichokunjwa, akakiweka juu ya goti langu bila kukifungua.

Ndani, alisema, mna picha. Mgeni mmoja wa zamani aliipiga kwenye uga ule, akaipeleka ofisi ya Kitale, nao wakaileta. Mgeni yule hakusimama na wenzake kando ya ghala, alisimama upande wa mlango. Kwa hiyo kwenye picha ile ubao unaonekana kwa ubavu, na ungo nao kwa ubavu. Mwanawe alimwambia kwamba uso wa mama umo.

"Umeiangalia?" nikauliza.

"Nitaiangaliaje, Mwalimu? Alikuwa mama mkwe wangu. Hajaacha kuwa." Akatazama mbali, kwenye mahindi ya mwanawe. "Watu wa Ulaya wanaujua uso wake, mimi siujui. Si kitu. Lakini nataka uniangalizie jambo moja. Uniambie ukweli, kama shahidi. Alikuwa amekasirika?"

Nilikifungua kitambaa. Nilimwona Nyapara akiwa kijana, amekumbatia ubao wake, mguu mmoja hewani, akitafuta pa kuukanyaga. Nilimwona mama nyuma ya ungo. Mkono mmoja ulikuwa umeshika ungo, na mwingine ulikuwa umeziba mdomo. Mashavu yalikuwa yamepanda, macho yamefinywa na machozi, na mabega yameinuka kama ya msichana anayezuia kicheko kanisani. Alikuwa akiitazama ile miguu.

"Anacheka," nikamwambia. "Anacheka sana. Amejiziba mdomo ili usimsikie."

Akaipokea picha ikiwa imefunikwa, akaikunja kwenye kitambaa taratibu, kona kwa kona. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia, nikamshika mkono, nikakuta ni kicheko. Naye alikuwa amejiziba mdomo.

"Miaka yote ile," akasema alipopata pumzi. "Na mimi nilikuwa nikijikaza nisicheke, ili nisimkosee."

Nilimwacha pale jua likiwa bado juu. Mungu alimchukua kabla ya mavuno yale.

Wewe uliyefika hadi hapa, Bwana akupe watu wa kukuheshimu hata wasipokutazama, na moyo wa kuwaheshimu bila kuchoka. Akulinde na mashimo yaliyo mbele yako, atume mtu wa kukuambia ushike kushoto, na akupe kucheka kabla ya siku zako kwisha. Amina.